Kuboresha Taa za Mbele za Land Rover na Land Cruiser za Zamani bila Kuharibu Sura Yake: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mwenye Land Rover ya Series II, IIA au III, au Land Cruiser ya miaka ya 1960 hadi 1980, anayetaka kuiona barabara usiku vizuri kuliko anavyoiona sasa, lakini hataki mtu anayelitazama gari lake mchana atambue kwamba kuna kilichoguswa. Mengi ya magari hayo hutumia taa ya duara ya inchi 7, yaani milimita 178 hivi, kwa hiyo sehemu kubwa ya yaliyomo itamfaa pia mwenye gari jingine lenye taa ya ukubwa huo.

Nimeweka balbu mpya, lakini taa bado ni hafifu. Tatizo ni nini?

Mara nyingi tatizo ni nyaya, na hili ndilo jambo ambalo ningependa kila mwenye gari la zamani alielewe kabla hajafungua pochi yake dukani. Katika magari haya umeme wa taa hutoka kwenye betri, ukapita kwenye swichi ya dashibodi, ukashuka kwenye swichi ya kubadilisha fulu (mwanga wa mbali) na dimu (mwanga wa karibu), (ambayo katika Land Rover nyingi za zamani ipo sakafuni, karibu na klachi), kisha ukapita kwenye viungio kadhaa kabla ya kuifikia taa. Waya ulikuwa mwembamba tangu kiwandani, na baada ya miaka 40 au 50 ya vumbi, maji na joto, kila kiungio hula umeme kidogo.

Kinachoumiza ni kwamba mwanga haupungui kwa kiwango kilekile ambacho volti zimepungua, bali hupungua kwa kasi zaidi. Volti zikipungua kwa asilimia 10, mwanga wa balbu ya waya hupungua kwa takriban asilimia 30. Nilipoanza kuitengeneza Land Rover 109 aliyoniachia baba, nilipima volti 13.8 kwenye betri injini ikiwa inanguruma, kisha nikapima 11.4 nyuma ya taa ya kushoto. Kwa hesabu hiyo nilikuwa nikiendesha kwa karibu nusu tu ya mwanga ambao balbu ilikuwa na uwezo wa kuutoa, na nilikuwa nimeshanunua seti mbili za balbu nikidhani kwamba zile za kwanza zilikuwa feki.

Nitapimaje mwenyewe?

Unahitaji mita ya umeme ya kawaida. Washa injini na uwashe taa, kwa sababu kipimo kinachochukuliwa taa zikiwa zimezimwa hakikuonyeshi chochote cha maana: waya usiobeba mzigo huonyesha volti zote hata kama umebaki nywele moja tu ya shaba. Weka ncha moja ya mita kwenye nguzo chanya ya betri na nyingine kwenye pini ya taa inayopokea umeme. Mita itakuonyesha volti zilizopotea njiani. Kisha fanya vivyo hivyo upande wa pili, kutoka pini ya ethi ya taa, yaani njia ambayo umeme unarudia kwenye betri kupitia bodi, hadi nguzo hasi ya betri. Kila upande usizidi nusu volti. Katika Land Cruiser nyingi mpangilio huu ni tofauti kidogo, na nimeueleza mbele.

Upande wa ethi usiudharau. Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu, na skrubu inayokaza waya wa ethi ni ya chuma. Metali hizo mbili zikikutana na unyevu, hasa unyevu wenye chumvi wa Tanga, Mombasa au Unguja, aluminiamu huliwa na kuacha unga mweupe usiopitisha umeme. Katika gari langu nilipofungua skrubu ile, kichwa cha waya kilikuwa kimezungukwa na unga huo kama chokaa, na waya wenyewe ukiukata ulikuwa wa kijani ndani ya plastiki kwa urefu wa kidole. Kuusafisha na kuvuta waya mpya wa ethi kutoka kwenye taa hadi kwenye nguzo hasi ya betri ni kazi ya nusu saa, na katika magari mengi ndiyo hatua inayoleta nafuu kubwa kuliko zote kwa gharama ndogo kuliko zote.

Silbimu ni nini, na H4 ni nini?

Silbimu ni taa ambayo lenzi, sahani ya kuakisi na nyuzi za kuwaka vyote vimefungwa kuwa kitu kimoja cha kioo kisichofunguka. Ikiungua, unatupa taa nzima. Ilianza kuwa ya kawaida katika magari ya Marekani ya mwaka 1940, na magari mengi ya Uingereza na Japani yakaifuata. Uzuri wake ni kwamba vumbi haliingii ndani, hivyo sahani yake haififii. Udhaifu wake ni kwamba mwanga wake ni mdogo na mpaka wake wa juu hauko wazi.

H4 ni balbu ya halojeni yenye nyuzi mbili, iliyoanza kutumika mwaka 1971. Ina wati 60 za fulu na 55 za dimu kwa volti 12. Chini ya uzi wa dimu kuna kikombe kidogo cha chuma kinachozuia mwanga usiende juu, na hicho ndicho kinachochora ule mstari ulionyooka unaouona taa ikimulika ukutani. Kwa kuwa zipo taa za inchi 7 zinazopokea H4, na plagi yake ya pini tatu ndiyo ileile ya silbimu, unaweza kutoa silbimu na kuweka taa ya H4 katika nafasi ileile bila kukata chochote.

Nichague lenzi ya aina gani ili sura ya gari isibadilike?

Sura ya taa ya zamani inatokana na kioo chake. Chagua lenzi ya kioo halisi, si plastiki; iwe na mistari ya wima iliyochongwa, si laini kama dirisha; na iwe na tumbo la kubenuka kwa nje kama ilivyokuwa silbimu. Taa nyingi za H4 zina uso ulio karibu bapa, na mtu anayeyajua magari haya huzitambua kutoka ng'ambo ya barabara. Kampuni kama Cibié, Hella, Koito na Wipac zimetengeneza taa za kioo za inchi 7 kwa miaka mingi, na sura zake zinatofautiana, kwa hiyo shika taa mkononi, au omba picha iliyopigwa kutoka ubavuni kabla ya kulipa.

Tazama pia kama taa ina tundu la balbu ndogo ya paki. Land Rover ina taa za paki zake peke yake, hivyo tundu hilo halina kazi, na lisipozibwa kwa kizibo cha mpira litaingiza vumbi na wadudu ndani ya sahani. Mwenye gari la Kiingereza la miaka ya 1950 lenye taa ya Lucas P700, ile yenye miguu mitatu ya chuma inayoonekana katikati ya kioo, atambue kwamba balbu ya asili ya taa hiyo ina kitako tofauti kabisa. Zipo nakala mpya za sura hiyohiyo zinazopokea H4, na ni afadhali kununua nakala kuliko kumruhusu mtu atoboe taa ya asili.

Rilei inafanya kazi gani, na inafungwaje bila kuonekana?

Rilei ni swichi inayoendeshwa na umeme. Swichi yako ya zamani ya dashibodi inabaki palepale na inafanya kazi kama zamani, lakini badala ya kubeba ampea 10 za taa zote mbili, inabeba sehemu ndogo tu ya ampea moja ya kuiamsha rilei. Umeme mkubwa unatoka kwenye betri moja kwa moja hadi kwenye taa kwa waya mfupi na mnene. Kwa hiyo unapata faida mbili: taa inapata volti zake zote, na swichi ambayo ni vigumu kuipata leo haiungui.

Unahitaji rilei mbili, moja ya fulu na moja ya dimu. Waya wa milimita za mraba 4 utoke kwenye nguzo chanya ya betri, upite kwenye fyuzi iliyo karibu na betri kadiri inavyowezekana, uingie kwenye pini namba 30 ya kila rilei. Kutoka pini namba 87, vuta waya wa milimita za mraba 2.5 hadi kwenye taa. Pini 85 na 86 ndizo za kuamsha, na zinapata umeme kutoka kwenye plagi ya zamani ya taa mojawapo. Ningekushauri kila taa iwe na fyuzi yake kwa fulu na yake kwa dimu, ili siku fyuzi ikikatika milimani usibaki gizani pande zote mbili kwa mpigo.

Kuhusu kuficha: usikate waya wa asili hata mmoja. Plagi ya zamani inachomekewa vichwa vya nyaya mpya, hivyo siku ukitaka kuurudisha mfumo wa awali unachomoa na kuchomeka tu. Rilei zikae nyuma ya paneli ya rejeta au upande wa ndani wa madigadi, mdomo ukiangalia chini ili maji yasikae. Nyaya mpya zifungwe kwa utepe wa kitambaa cheusi, kama zilivyofungwa zile za kiwandani. Bomba la plastiki lenye makunyanzi ndilo linaloharibu boneti ya Land Rover mara tu unapoifunua. Katika magari ya Kiingereza rangi ni bluu yenye mstari mweupe kwa fulu, bluu yenye mstari mwekundu kwa dimu, na nyeusi kwa ethi. Ukifuata rangi hizohizo, fundi atakayekuja baada yako hatapotea.

Fundi wangu anasema nyaya za Land Cruiser zimegeuzwa. Je, ni kweli?

Ni kweli, na fundi huyo anaijua kazi yake. Katika Toyota nyingi za zamani umeme chanya unafika kwenye taa kwanza kupitia fyuzi, na swichi ndiyo inayofunga njia ya kurudi kwenye ethi. Pini ambayo kwenye Land Rover ni ya ethi, huku ni chanya. Mtu akifunga rilei kwa mchoro wa Land Rover, akachukua upande mmoja wa kuamshia kutoka kwenye bodi, taa zitakataa kutii swichi.

Dawa ni rahisi. Pande zote mbili za kuamsha rilei, yaani 85 na 86, zichukuliwe kutoka kwenye plagi ya zamani yenyewe: moja kutoka kwenye pini ya pamoja, nyingine kutoka kwenye pini ya fulu au ya dimu. Koili ya rilei ya kawaida haijali chanya na hasi, hivyo mpangilio huo unafanya kazi katika Land Rover na katika Land Cruiser vilevile. Hakikisha tu kwamba rilei uliyonunua haina dayodi ndani, yaani kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu. Mara nyingi ikiwa nayo huonyeshwa kwenye mchoro uliochapwa ubavuni.

Thibitisha pia volti. Baadhi ya Land Cruiser za dizeli za soko la Japani, na Land Rover za kijeshi zilizofungwa redio, ni za volti 24, na hapo H4 yake ni ya wati 75 na 70, na rilei iwe ya volti 24.

Je, niweke balbu ya wati 100 na 90?

Hapana. Balbu hizo zinavuta zaidi ya ampea 16 kwa fulu ya taa mbili, zinayeyusha plagi, na joto lake hubabua rangi ya fedha ya sahani ya kuakisi. Balbu ya wati 60 na 55 inayopata volti zake zote itakumulikia vizuri kuliko ya 100 inayonyimwa.

Vipi balbu ya LED inayoingia kwenye tundu la H4?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na jibu langu ni kwamba usiiweke. Sahani ya kuakisi na mistari ya lenzi vilichongwa kwa ajili ya uzi mmoja mdogo uliokaa mahali maalumu, ukitoa mwanga pande zote. Vipande vya LED vimebandikwa pande mbili za ubao, na upana wake haulingani na uzi. Matokeo yake mwanga hutawanyika: ukiwa ndani ya gari unaona weupe mwingi karibu na bampa na unadhani umepata taa kali, ilhali mbali, pale ambapo ng'ombe amelala barabarani, hapajaongezeka kitu. Dereva anayekuja mbele yako ndiye anayepata sehemu kubwa ya mwanga huo, machoni. Nimewahi kukutana na gari la namna hiyo usiku kati ya Chalinze na Segera, nikalazimika kuteremka pembeni kabisa kwa sababu sikuuona tena ukingo wa lami. Na kwa anayejali sura, weupe wenye ubluu ndani ya kioo cha mwaka 1970 unaisaliti kazi yote.

Na taa nzima ya LED ya inchi 7?

Hiyo ni habari nyingine, kwa sababu lenzi na chanzo cha mwanga vimebuniwa pamoja, na zile zilizotengenezwa vizuri zina mstari safi na mwanga wa mbali kuliko H4. Tatizo ni uso wake: nyingi zina vyumba vyeusi na macho mawili au matatu yanayoonekana mchana. Zipo chache zenye kioo cha mistari, na hizo tu ndizo ningezifikiria kwa gari linalotunzwa katika hali yake ya asili.

Kuna gari moja ambalo kwalo LED ina hoja nzito, nalo ni lile ambalo umeme wake bado unazalishwa na dainamo ya kizamani badala ya alteneta. Dainamo ya Lucas ya Land Rover za zamani hutoa ampea 20 hivi ikiwa inazunguka kwa kasi, na injini ikitulia haitoi karibu chochote. Kupunguza mzigo wa taa hapo ni msaada wa kweli. Lakini kabla hujanunua, angalia betri imefungwaje. Magari mengi ya Kiingereza ya kabla ya katikati ya miaka ya 1960 yana nguzo chanya iliyofungwa kwenye bodi. LED hupitisha umeme upande mmoja tu, hivyo ikifungwa kinyume haitawaka, na inaweza kuharibika. Balbu ya waya haijali.

Taa niliyoagiza kutoka nje inamulika upande usiofaa. Inawezekana?

Inawezekana sana. Taa ya dimu hainyooki pande zote. Upande wa ukingo wa barabara mwanga hupanda kidogo ili uone watembea kwa miguu na vibao. Tanzania, Kenya na Uganda tunaendesha kushoto, kwa hiyo mwanga unapaswa kupanda kushoto. Taa iliyotengenezwa kwa soko la Ulaya bara, Marekani, Oman au Dubai hupandisha mwanga kulia, na ukiifunga hapa inampiga machoni kila unayekutana naye, hata ikilengwa namna gani. Kinyume chake ni sahihi kwa msomaji wa Bujumbura, Kigali au Lubumbashi, ambako magari hupita kulia.

Soma maandishi kwenye kioo. Taa zilizoidhinishwa kwa kanuni za Ulaya zina herufi E ndani ya duara pamoja na namba ya nchi iliyotoa idhini. Taa ya kuendesha kushoto ina mshale unaoelekea kulia kwako ukiwa umesimama mbele ya gari ukiitazama. Isiyo na mshale ni ya kuendesha kulia, na yenye mshale wa ncha mbili inaweza kurekebishwa kwa pande zote. Silbimu ya zamani ya Kimarekani haina alama hizi.

Nilenge taa vipi?

Tafuta sehemu tambarare iliyo mbele ya ukuta, jioni giza linapoingia. Jaza upepo wa matairi sawasawa, weka gari mzigo unaobebwa kwa kawaida, maana springi za majani za nyuma zikilala, pua ya gari huinuka na taa zinaangalia angani. Sogeza gari hadi karibu na ukuta, weka alama ya kitovu cha kila taa kwa chaki, kisha rudi nyuma mita 10 kwa kunyooka. Washa dimu, ufunike taa moja kwa kitambaa kizito kwa muda mfupi tu. Mstari wa juu wa mwanga uwe sentimita 10 chini ya alama ya chaki, na kona ambapo mwanga unaanza kupanda iwe moja kwa moja chini ya alama ya kitovu cha taa. Kama una nafasi ya mita 5 tu, tumia sentimita 5.

Skrubu za kulengea zipo mbili, moja ya juu-chini na moja ya pembeni, zimejificha nyuma ya pete ya taa. Katika gari lililoishi pwani huwa zimeganda. Zipulizie mafuta ya kulainisha kutu jana yake, usizilazimishe, kwa sababu vishikizo vyake vya plastiki huvunjika kwa urahisi.

Sahani ya kuakisi imefifia. Naweza kuisugua?

Usiisugue. Ule mng'ao ni utando mwembamba mno wa aluminiamu, na hata kitambaa laini huuchukua. Puliza vumbi kwa hewa tu. Kama imeingia kutu au imekuwa ya kijivu, badilisha. Balbu ya halojeni nayo isiguswe kwenye kioo kwa vidole vitupu, kwa kuwa mafuta ya ngozi huunguzwa na joto na kuifanya ipasuke mapema.

Napenda taa za njano. Je, ni za asili?

Kwa gari lililouzwa Ufaransa, ndiyo: sheria ya huko ililazimisha taa za njano tangu miaka ya 1930 hadi mwaka 1993, na Peugeot 404 ya soko hilo haijakamilika bila hizo. Land Rover na Land Cruiser za kwetu hazikuja nazo. Rangi hiyo inapunguza mwanga kidogo, kwa sababu inazuia sehemu ya bluu.

Nifanye nini na vitu nilivyovitoa?

Vitunze vyote: silbimu za zamani hata kama moja imeungua, pete, springi ndogo za kushikia, na skrubu, kwa sababu skrubu za Land Rover za zamani si za vipimo vya milimita na za dukani hazitaingia. Mimi nimeziweka zangu katika bati la biskuti lenye mfuniko, nikafunga kila skrubu kwenye kipande cha karatasi chenye maandishi "kushoto juu" au "kulia pembeni", na ndani ya mfuniko nikabandika mchoro wa rilei wenye rangi za nyaya na ukubwa wa kila fyuzi. Bati hilo linakaa chini ya kiti cha abiria.